Magari ya Tokyo, vumbi la Bunia

Saa moja asubuhi Boulevard de la Libération imekwisha kujaa. Wanafunzi wa mashati meupe na sketi za buluu wanapita pembeni kwa makundi, taksi-moto zinapishana na abiria wawili wawili mgongoni, na kina mama wanateremka sokoni na ndizi makemba, mafungu ya sombe (majani ya muhogo) na magunia ya makaa. Hewa bado ina ubaridi. Bunia imekaa juu, karibu mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, kwenye nyanda za nyasi zilizo magharibi mwa Ziwa Albert. Jua likipanda, vumbi jekundu la mitaa isiyo na lami litaamka na kutua juu ya kila kitu: mabati, majani ya miembe, na vitambaa vyeupe vya kina mama wanaouza mikate kando ya barabara.

Huu ndio mji mkuu wa jimbo la Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wenye komini tatu: Mbunya, Nyakasanza na Shari. Hapa mteja hulipa kwa franga za Kongo, kwa dola, na mara nyingine kwa shilingi za Uganda, na muuzaji hupiga hesabu ya fedha zote tatu kichwani bila kikokotoo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mhema, Mlendu, Mwaluri, Mnande na Mbira wanapokutana mbele ya meza ya samaki wa Kasenyi. Mgeni akitaka kuujua mji huu upesi, asimame ukingoni mwa boulevard atazame magari.

Toyota Noah, Hiace, Probox, malori madogo ya Dyna na Canter, Land Cruiser za mashirika na za jeshi: sehemu kubwa ya magari yanayopita yametengenezwa Japani, na mengi yalitumika huko kwanza. Baadhi hayajabadilishwa hata rangi. Mbele ya duka la saruji limeegeshwa gari dogo la mizigo lenye mstari wa maandishi ya Kijapani ubavuni, na chini yake namba ya simu ya kampuni ya mji wa mbali. Kijana anayeliendesha amepinda mgongo, anayapangusa maandishi yale kwa kitambaa chenye maji, herufi moja baada ya nyingine, kwa uangalifu kuliko anavyopangusa kioo. Nikamwuliza kwa nini hayafuti akaandika jina lake. Akasema mnunuzi akiyaona anajua gari limetoka Japani moja kwa moja na halijapita kwenye mikono mingi. Hajui yanasema nini. Anachojua ni kwamba yanapandisha bei.

Magari haya yana jambo moja linalompa dereva wa Bunia kazi kila siku. Japani, kama Uganda, Kenya na Tanzania, huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Kongo huendesha upande wa kulia, desturi iliyoachwa na Wabelgiji. Dereva anajikuta ameketi ukingoni mwa barabara, karibu na mtaro, na lori lililo mbele yake likimziba asione kinachokuja. Ndiyo maana gari la safari haliondoki bila msaidizi anayekaa kushoto. Yeye ndiye jicho. Anatoa kichwa dirishani, anatazama mbele, kisha anasema neno moja: ngoja, au enda. Dereva akiambiwa enda, anakanyaga mafuta na kuingia upande asiouona, akiwa na abiria kumi na tano nyuma, kwa kuliamini neno la kijana yule. Nilikaa nyuma ya watu wawili wa namna hiyo kwenye barabara ya kutoka Mahagi, na sikuwahi kumwona dereva akiuliza mara mbili.

Kwa nini gari zima, lenye injini nzuri, liondoke Tokyo au Nagoya lije kufia hapa? Jibu limo katika maisha ya miji ile. Jiji la Tokyo peke yake lina watu zaidi ya milioni 14, na ukijumlisha miji inayolizunguka wanafika milioni 37 hivi, mmoja wa mikusanyiko mikubwa kabisa ya watu duniani. Ardhi haitoshi. Tangu mwaka 1962 sheria inamtaka anayesajili gari athibitishe kwamba ana mahali pa kuliegesha, na siku hizi mahali hapo pasizidi kilomita 2 kutoka nyumbani kwake. Gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama. Mwenye gari la miaka kumi hupiga hesabu akaona ni nafuu kuliuza. Wala hakosi usafiri, kwa kuwa treni zipo: kituo cha Shinjuku hupitisha mamilioni ya watu kwa siku. Gari linapelekwa mnadani, kutoka mnadani bandarini, na kutoka bandarini linapakiwa melini kuja Mombasa au Dar es Salaam.

Safari ngumu inaanzia huku kwetu. Kutoka Mombasa gari hufika Kampala kwa lami, na kutoka Kampala zipo njia mbili za kuingia Ituri. Ya kusini hupitia Kasese, Mpondwe na Kasindi, ikapanda Beni, Eringeti na Komanda. Ya kaskazini hupitia Pakwach na Nebbi, ikavuka mpaka Goli na kuingia Mahagi, kisha ikateremka Djugu hadi Bunia. Kwa miaka mingi zote mbili zimekuwa njia za hofu. Kwenye ile ya kusini wanavizia wapiganaji wa kundi la waasi la ADF. Kwenye ile ya kaskazini wamekuwapo wanamgambo wa CODECO na makundi mengine yanayoweka vizuizi na kutoza pesa kwa nguvu. Kuna nyakati magari hukusanywa yakasafiri kwa msafara, wanajeshi wakiwa mbele na nyuma. Basi dereva wa Bunia anapoliita gari lake mtoto, haongezi chumvi. Amelilea kwa hatari.

Garaji niliyoingia haina ukuta wala bango. Ni kiwanja chini ya mwembe, ardhi yake nyeusi kwa oili ya miaka mingi, na magari yasiyopungua kumi yaliyonyanyuliwa kwa jeki na magogo. Fundi mkuu ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Vijana wanamwita papa na hawamkatizi anapozungumza. Alikuwa amelala chini ya Hiace. Nilisikia nyundo kwanza, kisha mkono ukatokea ukiomba spana bila kutaja namba, na kijana akampa ile ile aliyoitaka.

Alipotoka alinionyesha springi aliyoing'oa. Imeundwa kwa mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, na bapa la tatu lilikuwa limekatika katikati, sehemu ya mpasuko iking'aa kama sarafu mpya. Gari hili lilitengenezewa lami ya mji, kubeba watu kumi. Hapa linabeba watu kumi na wanane, magunia ya maharagwe na madumu ya mafuta ya mawese, kwenye mashimo ya kumeza gurudumu. Papa hakutafuta springi mpya, kwa kuwa bei yake ni chakula cha nyumba kwa wiki kadhaa. Alichukua bapa la lori lililokufa, akalipima kwa shubiri, akalikata, akalipasha moto wa makaa hadi likawa jekundu, akalipinda kidogo kidogo akilinganisha kwa jicho na yale mengine. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Alipomaliza akaupigapiga ubavu wa gari kwa kiganja na kusema: "Hii gari iko nguvu, papa. Njia ndiyo mubaya."

Maneno hayo machache yanatosha kueleza historia ya Ituri. Nchi hii haikukosa nguvu hata siku moja. Mwaka 1903 dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kilo, na baadaye Moto, kaskazini zaidi. Mwaka 1926 ikaundwa kampuni ya Kilo-Moto, na maelfu ya Wakongo wakapelekwa machimboni, wengi kwa kulazimishwa na machifu na maofisa wa koloni. Barabara za kwanza zilichongwa ili dhahabu itoke na chakula cha wachimbaji kiingie. Bunia ilikua juu ya biashara hiyo: ofisi, maduka, misheni, mifugo ya nyanda za juu, samaki wa ziwani. Dhahabu bado inatoka Mongbwalu na vijiji vyake, ikichimbwa kwa sururu na karai, na maduka ya wanunuzi yapo mjini, kila moja na mizani yake ndogo ndani ya kisanduku cha kioo. Utajiri umepita hapa zaidi ya miaka mia moja. Njia imebaki mbaya.

Kisha ikaja vita. Kuanzia 1999 hadi 2003 mgogoro wa ardhi uliochochewa na majeshi ya nchi jirani na wanasiasa wenye uchu uliwagonganisha Wahema na Walendu, na mashirika ya haki za binadamu yalikadiria kuwa zaidi ya watu 50,000 walikufa. Mji wenyewe ulipita kutoka mkono hadi mkono. Agosti 2002 uliangukia kwa kundi la UPC la Thomas Lubanga. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, wanamgambo walipigana mtaa kwa mtaa, na maelfu ya watu wakakimbilia uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa. Juni mwaka huo kikosi cha Umoja wa Ulaya, kilichoongozwa na Wafaransa, kikaingia kuutuliza mji. Mnamo 14 Machi 2012 Lubanga akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, kwa kosa la kuwatumia watoto vitani. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni watu wazima. Baadhi yao ndio wanaokupakia kwenye taksi-moto.

Wazee wa Bunia wanaweza kukuonyesha kwa kidole nyumba zilizochomwa. Ukiyasikiliza masimulizi yao huku ukitazama maandishi ya Kijapani yakipita barabarani, huna budi kukumbuka kwamba miji iliyotuletea magari haya nayo iliwahi kuwa majivu. Tokyo, iliyoitwa Edo hadi 1868, iliteketea mwaka 1657 kwa moto ulioua watu wanaokadiriwa kuwa 100,000. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi na mioto iliyofuata ikaua tena zaidi ya 100,000 katika Tokyo, Yokohama na maeneo ya jirani. Usiku wa kuamkia 10 Machi 1945 ndege za Marekani zikamwaga mabomu ya moto juu ya mitaa ya nyumba za mbao, na karibu watu 100,000 wakafa kabla ya jua kuchomoza.

Tarehe 6 Agosti 1945 ikawa zamu ya Hiroshima. Hapo Kongo imo ndani ya hadithi, ingawa watu wengi wa Kongo hawakuwahi kuambiwa. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na vibarua wa Kikongo ambao hawakuambiwa walichokuwa wakikibeba. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wa Hiroshima wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Lakini siku tatu tu baada ya bomu, sehemu ya reli ya tramu ya mji huo ilianza tena kubeba abiria. Waliokuwa hai walihitaji kutafuta ndugu zao.

Nimesikia ukakamavu huo ukisimuliwa kana kwamba Wajapani wameumbwa kwa udongo tofauti. Si kweli. Walijitahidi sana, na pia walipata vitu viwili ambavyo Bunia haijapata. Cha kwanza ni amani iliyokaa: tangu 1945 hakuna jeshi wala wanamgambo walioingia Tokyo kuchoma nyumba. Cha pili ni kazi yenye malipo. Mwaka 1950 Toyota yenyewe ilikuwa karibu kufilisika, wafanyakazi wakiwa kwenye mgomo na mwanzilishi wake akijiuzulu; kilichoiokoa ni maagizo ya malori kutoka jeshi la Marekani lililokuwa likipigana Korea. Mwaka 1951 ikatengeneza gari lililokuja kuwa babu wa Land Cruiser, lile lile linaloonekana leo kwenye kila kizuizi cha Ituri. Kufikia Oktoba 1964 treni ya kasi ilikuwa ikikimbia kati ya Tokyo na Osaka kwa kilomita 210 kwa saa. Miaka 19 ilitosha kuutoa mji kwenye majivu na kuufikisha hapo, kwa sababu miaka 19 hiyo haikukatizwa.

Ya Bunia imekatizwa. Mapigano yalirudi Djugu mwishoni mwa 2017, na tangu 6 Mei 2021 jimbo limewekwa chini ya hali ya dharura, likitawaliwa na gavana wa kijeshi. Nenda Kigonze, pembezoni mwa mji, uone kambi ya waliokimbia vijiji vyao. Vibanda vya turubai vimesongamana hata mtu hupita kwa ubavu. Mwanamke mmoja alikuwa amepanda mstari wa sombe kwenye ukanda wa ardhi usiozidi upana wa mkeka, kati ya kibanda chake na cha jirani. Nilimsalimu, akanijibu, kisha akaniambia kuwa kwao alikuwa na shamba ambalo mtu akisimama mwanzoni haoni mwisho. Hakulia. Aliendelea kumwagilia kwa kikopo, na maji yalipokwisha akamtuma mtoto akapange foleni bombani.

Na bado mji unakua. Kila aliyefukuzwa na bunduki Djugu au Irumu anakuja hapa na ujuzi wake. Mafundi seremala wanapiga randa kando ya njia hadi usiku. Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom vinatoa wahitimu kila mwaka. Vijana wa taksi-moto wana vyama vyao, na mwenzao akianguka wanachangishana apelekwe hospitali kabla ndugu hawajapata habari. Mkono wa serikali unapokuwa mfupi, watu wamejitungia utaratibu wao, kuanzia foleni ya bombani hadi neno la msaidizi wa dereva. Utaratibu wa namna hiyo, unaoheshimiwa hata pasipo askari, ndio unaowezesha watu milioni 37 wa Tokyo na miji inayoizunguka kupanda treni bila kuumizana. Bunia tayari inao.

Isidhaniwe pia kwamba Ituri hupokea tu. Miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, akina Harako Reizo, Tanno Tadashi na Ichikawa Mitsuo, walikuja kuishi katika msitu wa Ituri na kujifunza kwa Wambuti, wenyeji wa msitu huo. Waliwafuata wawindaji wa nyavu na wa mishale, wakaandika majina ya mimea, ya wanyama na ya asali, na namna nyama inavyogawanywa kambini. Wambuti walikuwa walimu, na watafiti wa mji mkongwe wa Kyoto walikuwa wanafunzi. Kazi hiyo ni miongoni mwa misingi ya elimu ya Afrika katika chuo kile hadi leo.

Vilevile, Yokohama, mji wa bandari ambao magari mengi ya aina hii husafirishwa kutoka kwake, ulifungua mwaka 1999 bustani ya wanyama iitwayo Zoorasia, na mnyama iliyemchagua awe nembo yake ni okapi. Okapi porini hapatikani nchi nyingine yoyote isipokuwa Kongo, na makao yake makuu ni msitu wa Ituri. Watoto wa Yokohama wanamjua kwa miguu yake yenye mistari. Watoto wengi wa Bunia wanalijua jina lake kupitia Radio Okapi, inayotangaza habari tangu 2002, lakini hawajamwona, kwa sababu njia ya kwenda Epulu, kwenye hifadhi yake, si salama. Juni 2012 wavamizi waliishambulia Epulu, wakaua watu na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa kituoni. Mtoto wa Japani anamfikia mnyama wa Ituri kwa tikiti ya treni. Mtoto wa Ituri hawezi. Haki ya aina gani hiyo?

Basi msomaji, jina la Bunia litakapotajwa tena redioni pamoja na idadi ya waliouawa, kumbuka kwamba hapa kuna mji. Una soko, vyuo, mafundi, na madereva wanaoaminiana kiasi cha kuingia upande wasiouona. Tokyo na Hiroshima hazikuinuliwa na mabingwa. Ziliinuliwa na watu wa kawaida walioachwa wafanye kazi bila kuchomewa nyumba mara ya pili. Watu wa namna hiyo Bunia wapo tele. Wanaotawala Kinshasa, wanaonunua dhahabu Kampala na Dubai, na wanaokutana kila baada ya miaka michache katika mikutano ya Japani na Afrika, wana deni moja la wazi kwa mji huu, nalo halihitaji utafiti mwingine: barabara za Komanda na Mahagi zilindwe na kutengenezwa, na walio Kigonze warudi mashambani kwao. Mengine watu wa Bunia watayafanya wenyewe, kwa sababu wameshaanza.